Mwizi Afike Kortini Akiwa Hai

(Haya ni mazungumzo tuliyokuwa nayo na vikundi vya kujisaidia hapa Tuwan, Kitale, pamoja na wageni wetu wa vikundi vya Bungoma. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kufika viyasome katika mikutano yao.)

Wageni wetu kutoka Kimilili, Chwele na Lwakhakha, karibuni sana Tuwan. Mmekuja mbali, na wengine wenu mmekuja kwa pikipiki. Tumewaambia vijana wawili wakae pale mlangoni wazilinde, maana ingekuwa aibu tuzungumze juu ya wizi humu ndani huku pikipiki zenu zinaondoka kule nje! (Kicheko.)

Lakini maneno tuliyo nayo leo si ya kucheka. Mlituuliza tuzungumze juu ya wizi wa pikipiki. Tulikubali kwa sababu hilo jambo limetuuma sisi wenyewe, na katika kuumwa tukajifunza. Kwa hiyo tutaanza na yetu, hata kama yanatutia haya.

Yaliyotupata

Kikundi chetu kilichanga pesa kwa karibu miaka miwili. Mnajua jinsi tunavyochanga: huyu ameuza sukuma, huyu amefua nguo za watu, huyu amebeba mchanga. Haba na haba. Mwishowe tukanunua pikipiki iliyokwisha kutumika. Tukampa kijana wetu mmoja aendeshe, kila jioni alete hesabu. Pesa hiyo ililipa karo ya watoto kadhaa, na mama mmoja alipofiwa tulimsaidia nayo.

Usiku mmoja abiria wawili walimwambia kijana wetu awapeleke njia ya Endebess. Walipofika mahali hakuna nyumba, walimpiga, wakamwacha kando ya barabara, wakaenda na pikipiki. Alirudi kwa miguu, damu usoni.

Kulipokucha habari zilienea mtaa mzima. Kufika saa nne, kundi la watu lilikuwa limemkamata kijana mmoja fundi. Kwa nini? Kwa sababu kibandani kwake kulikuwa na tangi jekundu la mafuta, na tangi letu lilikuwa jekundu. Basi. Hiyo tu. Wakamvuta barabarani. Mtu akaleta tairi, mwingine akakimbilia mafuta. Na sisi wenyewe, wanachama wa kikundi, tulikuwa pale. Hatutawadanganya. Wengine wetu tulikuwa tumeshika mawe.

Mama mmoja wa kikundi chetu akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya yule kijana, akauliza swali moja: "Nani kati yenu anajua namba ya pikipiki yetu? Si ile ya nyuma. Namba ya injini na ya chesisi. Nani anaijua?"

Kimya. Hakuna aliyejua. Mwenyekiti hakujua, mweka hazina hakujua, hata kijana aliyeiendesha hakujua. Mama akasema, "Mnataka kumchoma mtoto wa mtu kwa sababu ya rangi nyekundu?"

Watu walipoa kidogo, na katika kule kupoa, chifu msaidizi na askari wakafika. Baadaye yule fundi alionyesha risiti ya tangi lile. Alikuwa amelinunua dukani mjini. Hakuwa mwizi hata kidogo. Leo anaishi nasi, tunapitana naye njiani, anatusalimu. Kila akitusalimu tunakumbuka yale mawe.

Subirini, hadithi haijaisha. Baada ya wiki kadhaa pikipiki yetu ilionekana upande wa Bungoma, na mtu aliyekuwa nayo akakamatwa. Tulishangilia! Tukasema siku za mwizi ni arobaini. Kesi ikapelekwa kortini, na kesi ikaanguka. Mshtakiwa akatoka akatupungia mkono.

Tulisema hakimu amehongwa. Tulisema askari wamekula pesa. Wengine wakasema, "Ndiyo sababu tulitaka kuchoma." Lakini tulipokaa chini na mtu anayejua sheria, akatuuliza maswali, tuliona kwamba kesi ile tuliiangusha sisi wenyewe. Tutawaeleza jinsi tulivyoiangusha, ili ninyi msifanye vile.

Genge ni mnyororo

Kwanza tuelewe tunapambana na nani. Wengi wetu tukisikia mwizi twafikiri ni mtu mmoja mwenye njaa. Kwa pikipiki si hivyo. Pikipiki haiwezi kuliwa kama kuku. Ni lazima iende mahali. Basi huo ni mnyororo wa watu.

Wa kwanza ni mtazamaji. Huyu mara nyingi anaishi nasi. Anajua nani analala saa ngapi, na pikipiki gani ni mpya. Wa pili ni mchukuaji. Anajifanya abiria, au ananunua soda na kutia dawa ya kulewesha, au anavunja kufuli usiku. Wa tatu ni mfichaji, mwenye boma au stoo. Wa nne ni fundi mwovu anayekwangua namba au kuipasua pikipiki ikawa vipuri. Wa tano ni mvushaji, anayejua vichochoro vya mpakani. Wa sita ni mnunuzi.

Sisi tunaishi karibu na mpaka. Kutoka Kitale unapita Endebess unafika Suam. Ninyi wa Bungoma mna Lwakhakha, na jirani zetu wana Malaba na Busia. Hata hilo jina bodaboda lilizaliwa huko mpakani. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia walikuwa wanavusha watu kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Halafu mwaka 2008 serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, pikipiki zikajaa hadi vijijini. Kazi ikapatikana kwa vijana, tunashukuru. Lakini wezi nao wakaona shamba jipya. Pikipiki ya Kenya, ambayo namba yake inaanza na KM, ikivuka na kubandikwa namba ya Uganda inayoanza na U, nani ataijua? Na nyingine zinaibiwa kule zinaletwa huku. Tusiwalaumu Waganda peke yao. Mnyororo una ncha mbili.

Ndugu zetu wavuvi wa Ziwa Viktoria wanalia kilio hiki hiki. Kwao kinachoibwa ni injini ya mashua, na mara nyingine mashua yenyewe pamoja na samaki na nyavu. Ziwa lile limegawanywa na nchi tatu, na Kenya ina sehemu ndogo tu, kama sehemu sita katika mia. Mwizi akipiga kasia kidogo, yuko nchi nyingine. Wavuvi wamejifunza nini? Kwanza, mashua ziandikishwe na namba ipakwe ubavuni, inayosomeka kutoka mbali. Pili, tangu kanuni za mwaka 2007, kila ufuo una kamati yake, ile wanayoiita BMU, inayojua mashua za ufuo ule na wenyewe. Mashua ngeni ikitia nanga, inaulizwa. Wizi haukuisha, hapana. Lakini mahali watu wanajua vyombo vyao na wenyewe wa vyombo, mwizi hapendi kutia nanga. Je, stendi zetu za bodaboda zinajua hivyo?

Mnunuzi yuko hapa ndani

Sasa tuseme neno gumu. Ni nani anayenunua vipuri vya bei rahisi bila kuuliza? Si watu wa mwezini. Ni sisi. Kabureta ambayo dukani ni ghali, mtu anakuletea jioni kwa nusu ya bei, imefungwa kwa gazeti. Unanunua. Unasema Mungu amefungua mlango! Kumbe jirani yako amefungiwa wake.

Sikilizeni sheria inavyosema. Kitabu cha sheria za makosa ya jinai, sura ya 63, kinasema mwenye kuiba gari, na pikipiki imo katika neno hilo, anaweza kufungwa miaka 7. Lakini mwenye kupokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba ni ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mmesikia? Mpokeaji anaweza kupata mara mbili ya mwizi! Waliotunga sheria walijua kwamba bila mnunuzi hakuna mwizi.

Na wezi wakitumia nguvu au vitisho, tena wakiwa zaidi ya mmoja, au wakiwa na silaha, au wakimjeruhi mtu, kama walivyomfanyia kijana wetu, hapo si wizi wa kawaida tena. Ni wizi wa mabavu, na sheria inauhesabu pamoja na makosa mazito kabisa.

Kwa hiyo kikundi kikitaka kuanza vita na wizi, kianze kwa ahadi moja: hatununui kitu kisicho na risiti na jina la muuzaji. Hata kiwe rahisi namna gani.

Jinsi tulivyoiangusha kesi yetu

Turudi kwa kesi yetu. Mtu akipatikana na mali iliyoibwa karibuni, korti inaweza kumhukumu hata kama hakuna aliyemwona akiiba, akishindwa kueleza vizuri aliipata wapi. Mahakama ya Rufaa imesema hivyo mara nyingi. Lakini kuna mambo manne ambayo ni lazima yathibitishwe. Kwamba mali ilipatikana kwa mshtakiwa. Kwamba mali hiyo ni ya mlalamikaji kweli. Kwamba iliibwa kwa mlalamikaji. Na kwamba iliibwa karibuni, si zamani sana. Likikosekana moja, kesi inayumba.

Sasa tuone sisi tulikuwa na nini.

La kwanza, logbuku. Tuliponunua ile pikipiki tulipeana pesa na kushikana mikono. Logbuku ilibaki kwa jina la muuzaji. Hatukubadilisha umiliki. Kortini tukaulizwa, "Pikipiki hii ni ya nani?" Tukajibu, "Ni yetu." Karatasi zikasema ni ya mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa amehama, hakuja kutoa ushahidi. Tulikuwa na ushahidi gani? Midomo yetu tu. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Yetu iliisha hivyo.

La pili, taarifa. Tulikwenda kuandikisha wizi kituoni siku ya tatu. Siku mbili za kwanza tulizitumia kutafuta sisi wenyewe na, mtusamehe, kumfuata mganga. Katika OB iliandikwa tarehe ya siku ya tatu, na alama za pikipiki ziliandikwa hivi: "nyekundu". Wakili wa mshtakiwa alicheka. Pikipiki nyekundu ziko ngapi Trans Nzoia?

La tatu, mashahidi. Kijana wetu alikuwa ndiye shahidi mkubwa. Kesi ilipoahirishwa mara ya pili, alikuwa ameenda kutafuta kibarua mbali, na hakuwa na nauli ya kurudi. Sisi kikundi hatukumtumia hata shilingi. Sheria inampa hakimu nguvu ya kumwachilia mshtakiwa ikiwa mlalamikaji amearifiwa siku ya kesi na hakutokea. Hakimu hawezi kumweka mtu rumande miaka na miaka akimngoja shahidi ambaye haji.

La nne, na hili ndilo linaloumiza zaidi. Mmoja wetu alikuwa amezungumza pembeni na jamaa za mshtakiwa, akapokea kitu kidogo ili "mambo yapoe". Hakutuambia. Jamani, kesi kubwa kama hii haimalizwi chini ya mwembe. Kupokea pesa ili uifiche kesi ni kosa lenyewe, na ni kuwauza wenzako.

Na pikipiki? Ilikaa uani mwa kituo miezi mingi, ikinyeshewa. Baadaye tulipompata muuzaji akaja na karatasi zake, tulirudishiwa. Tairi zilikuwa zimepasuka, waya zimeliwa na panya. Tuliiuza kama chuma.

Kwa nini tusiue

Kuna mtu atasema: haya yote ni maneno ya vitabu, dawa ya mwizi ni moto. Tunaelewa uchungu wake. Tulikuwa na mawe mkononi, kwa hiyo hatumhukumu. Lakini tumwambie mambo matatu.

La kwanza, mnaweza kumkosea. Sisi tulikosea. Kama mama yule angekawia dakika kumi, tungekuwa na maiti ya mtu asiye na hatia, na mwizi wa kweli angekuwa amekaa mahali anakunywa chai. Amri ya kutoua haina mlango wa nyuma wa wezi wa pikipiki.

La pili, sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuishi na haki ya kuhukumiwa na korti. Waliomchoma mwizi wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, na hapo kijana wako aliyeleta tairi ndiye atakayefungwa. Umepoteza pikipiki, sasa unapoteza mtoto.

La tatu, na tunawaomba mlifikirie sana: aliyekamatwa ni mchukuaji tu. Ni pete moja katika mnyororo, tena pete ya bei rahisi, mara nyingi kijana mdogo aliyeahidiwa elfu chache. Ukimuua, amekufa na majina yote. Mfichaji anafurahi. Mvushaji anafurahi. Mnunuzi anatafuta kijana mwingine kesho. Moto wa watu unawalinda wakubwa wa genge! Mwizi aliye hai anaweza kutaja. Maiti haitaji mtu.

Na kuna jambo lingine tunalolijua sisi wa huku mlimani. Watu wakichoka wanaanza kutafuta jeshi lao wenyewe. Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha Sungusungu kwa sababu ng'ombe wao walikuwa wanaisha. Mwanzoni wizi ulipungua na watu walisifu. Lakini mahali pengi kupiga na kuua watu bila korti kukaingia, na hata kina mama wazee wakateswa kwa kushukiwa uchawi. Na kwetu je? Ni nani hapa amesahau Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008? Kikundi kilichosema kinatetea ardhi ya watu kikaanza kuwatoza watu hao hao kodi, kuwahukumu, kuwakata masikio na kuwaua. Halafu Machi 2008 jeshi likaingia, na watu wakaumia tena. Wengi walikimbilia huku kwetu Kitale na kwenu Bungoma. Fimbo ukiikabidhi watu wasioulizwa na mtu, itakugeukia.

Basi tufanye nini?

Hatukuja kuwaambia msifanye tu. Tumekuja kusema fanyeni hivi.

Kabla ya wizi. Kila kikundi kiwe na daftari la mali. Mwandike namba ya usajili, namba ya injini, namba ya chesisi, tarehe ya kununua, bei na jina la muuzaji. Pigeni picha za pikipiki pande zote, na zaidi mahali palipo na alama: pale ilipochubuka, pale kiti kilipashonwa. Wekeni alama yenu ya siri mahali mwizi hatafikiri kukwangua, na mwiandike katika daftari. Nakala moja akae nayo mwenyekiti, nyingine katibu. Umiliki ubadilishwe siku ile ile mnaponunua. Siku hizi kazi hiyo ya NTSA hufanywa kwa eCitizen, na kama hamjui, mtoto wa shule atawasaidia. Mwisho, kila stendi iwe na orodha ya waendeshaji wake, na abiria wa usiku akichukuliwa, mwenzako ajue unampeleka wapi. Mkiweza kununua kifaa cha kufuatilia pikipiki kwa simu, ni vizuri, lakini kifaa hakichukui mahali pa jirani aliye macho.

Saa ya kwanza. Ikiibwa, usizunguke. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe katika OB, na uondoke na namba ya OB. Kuandikisha hakulipishwi. Soma namba zote kutoka daftari lenu, askari aziandike zote. Halafu piga simu kwa stendi zote za njia za kwenda mpakani. Mwizi anakimbia na pikipiki, lakini simu inamtangulia. Mwambie chifu na wazee wa Nyumba Kumi. Kama mnafikiri imevuka, msivuke wenyewe kwenda kuivizia. Wengine walienda hivyo wakarudishwa kwa jeneza, au wakakamatwa wao kama wezi. Polisi wa nchi zetu wana njia ya kushirikiana. Tangu mwaka 1998 wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana umoja wao, uitwao EAPCCO, na ofisi ya Interpol iko Nairobi. Lakini njia hiyo inahitaji karatasi: namba ya OB, logbuku, namba ya chesisi. Mnaona? Tumerudi kwa daftari.

Akikamatwa. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayeiba mbele ya macho yake, au anayemshuku kwa sababu nzuri kwamba ametenda kosa kubwa. Lakini inasema pia umkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Si umpeleke kwanza kwa mwenyekiti, halafu kwa mganga, halafu ndio polisi. Asipigwe. Mshtakiwa aliyepigwa akikiri, korti haitakubali kukiri kwake, na umempa wakili wake kazi rahisi. Mali aliyokutwa nayo msiishikeshike, msiioshe, msiitengeneze. Andikeni nani alimkamata, wapi, saa ngapi, nani waliona. Akiwa mtoto, chini ya miaka 18, mwambieni askari mapema, maana watoto wana korti yao na sheria yao ya mwaka 2022.

Polisi wana masaa 24 ya kumfikisha kortini, kwa siku za kawaida za korti. Akiachiliwa kwa dhamana, msipige kelele kwamba amehongwa. Dhamana ni haki yake katika Katiba. Haina maana kwamba kesi imekwisha. Lakini kama mna sababu ya kuogopa, kwa mfano amewatisha mashahidi, mwambieni mwendesha mashtaka, naye atamwambia hakimu. Na askari akikataa kuandika taarifa yenu, au akitaka pesa, nendeni kwa mkubwa wake, na ikishindikana kuna IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kuangalia mwenendo wa polisi. Hapo pia nendeni na tarehe, saa na namba, si uvumi.

Kortini. Hapa ndipo vikundi vina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Wekeni mfuko mdogo wa kesi. Si lazima uwe mkubwa. Ni wa nauli ya mashahidi na chai yao siku hiyo. Mchague mtu mmoja wa kuandika kila tarehe ya kesi na kumkumbusha kila shahidi siku tatu kabla. Wanachama wawili au watatu waende kukaa kortini kila siku ya kesi, kimya, na heshima. Shahidi akiona wenzake wamekaa nyuma, moyo hautetemeki. Na muulizeni mwendesha mashtaka kama anaweza kuiomba korti pikipiki ipigwe picha, halafu mrudishiwe mkiahidi kuileta ikitakiwa. Sisi hatukujua kuuliza, yetu ikaozea uani.

Neno la mwisho

Yule kijana fundi tuliyetaka kumchoma, mwaka jana alijiunga na kikundi chetu. Ndiyo, ni huyo huyo. Tulimwomba msamaha mbele ya watu, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Nitawasamehe, lakini mnipe kazi ya kuandika namba." Leo ndiye anayeweka daftari letu la mali. Kila pikipiki ya mwanachama inapita kwake, anaikagua, anapangusa mafuta pale kwenye injini, anasoma namba kwa sauti, na mwenzake anaandika. Hakuna anayejua zaidi yake kwa nini namba ile ni ya maana.

Tukirudi nyumbani leo, tusiende na hasira. Twende na kalamu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mali ya kikundi chetu imeandikwa wapi? Nani ana nakala? Tukiibiwa usiku huu, tunaweza kusema namba zote kesho asubuhi?

2. Umiliki wa kila chombo chetu uko kwa jina la nani?

3. Je, kuna mwanachama aliyewahi kununua kitu asichojua kilikotoka? Tutakubaliana nini juu ya jambo hilo? (Mjibu kwa ukweli bila kuaibishana.)

4. Watu wakianza kumpiga mtu mtaani kwetu, ni nani kati yetu atakayesimama katikati? Wengine watamsaidiaje asiachwe peke yake?

5. Tunaweza kuchanga kiasi gani kwa mfuko wa nauli ya mashahidi? Nani atauweka, na nani atamkagua?